Mamba Alivyobisha Hodi Gotini kwa Bi Mize

Paukwa!

— Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

— Pakawaaa!

Ehee, hapo mmeamka. Ngano naitoa, ipokeeni kwa mikono miwili. Ikimwagika, shauri yenu.

— Itoe!

Hapo kale, lakini si kale sana maana redio zilikuwepo, aliishi Nguchiro. Mnamjua: kijinyama chembamba, mkia mrefu, macho hayatulii. Alikaa kwenye tundu chini ya dungu la Bi Mize, kichanja cha miti cha kulindia shamba, bondeni, pale mashamba ya mpunga yanapopakana na mto.

Kazi ya Bi Mize msimu ule ilikuwa kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Kutwa yuko juu ya dungu, miguu inaning'inia, redio inanguruma, ndege wanakimbia. Na redio ile ilipenda mambo ya afya. Leo ini, kesho figo, keshokutwa ubongo na neva. Bi Mize alisikiliza kwa sikio moja. Nguchiro, kule chini, alisikiliza kwa yote mawili.

Tena Nguchiro alimpenda Bi Mize. Masika yaliyopita alinasa kwenye mtego wa waya, mguu wa nyuma, tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Mguu ukafa ganzi. Mwingine angemmalizia kwa jembe kwa ajili ya kuku wake. Bi Mize alilegeza waya, akausugua ule mguu, sugu, sugu, sugu, mpaka ukaanza kuwasha kama umeingiwa na siafu. "Ukiwasha ndiyo unafufuka," akamwambia. "Haya nenda, na kuku wangu uwaache." Nguchiro akaenda, na kuku akawaacha. Mayai je? Mayai hayakutajwa.

Basi siku moja betri za redio zikaisha. Jua kali, upepo hakuna. Bi Mize akaegemea nguzo ya dungu, usingizi ukamchukua, miguu ikabaki inaning'inia. Kule mtoni maji yakafanya chubwi! Akatoka Mamba.

Huyu Mamba alikuwa mkubwa, mnene na mroho. Mtoni hakuna aliyepiga chafya bila ruhusa yake. Kambale akitaka kuogelea, ruhusa kwanza. Chura akitaka kulia, ruhusa kwanza. Akaja akijikokota, kwaru, kwaru, kwaru. Alipoiona miguu ya Bi Mize, ulimi ukamtoka. Siku hizo Mamba alikuwa na ulimi mrefu, unaning'inia nje, unadondosha mate, do, do, do.

Nguchiro akawaza upesi. Ampigie Bi Mize kelele? Atashtuka, ataanguka, atadakwa. Amng'ate Mamba? Ngozi ile si ya meno yake. Akajikung'uta vumbi, akajitokeza.

"Shikamoo, Bwana Mamba."

"Marahaba. Toka njiani, nimeona chakula."

"Chakula si kibaya. Lakini, Bwana, utaingia nyumba ya watu bila hodi?"

"Nyumba gani?"

"Mwili wa binadamu ni nyumba, tena ya Sultani. Hukuambiwa?"

Mamba hakupenda kuonekana hakuambiwa. "Niliambiwa. Hebu sema wewe, nione kama unajua."

"Juu kabisa, ndani ya fuvu, anakaa Sultani Ubongo," akasema Nguchiro. "Ubongo mkubwa ndio unaofikiri, unaokumbuka na unaonuna. Nyuma yake, chini kidogo, upo ubongo mdogo, nao unashika mizani mtu asipepesuke. Chini yao kuna shina la ubongo. Hilo halilali. Linalinda pumzi na mapigo ya moyo hata mwenyewe akikoroma."

"Basi nile?"

"Bado, Bwana. Kutoka kwenye shina inashuka kamba nene, inaitwa ugwe wa mgongo, imepita ndani ya pingili za uti kama uzi kwenye shanga. Toka hapo zinachipuka neva mpaka kwenye ncha za vidole. Neva za hisi zinapandisha habari. Neva za mwendo zinateremsha amri."

"Basi nile?"

"Bado. Ukiuma bila hodi, habari ya maumivu itapanda, Sultani ataamka, atapiga ukunga, bonde zima litakuja na mapanga. Lakini ukibisha hodi kistaarabu, Sultani akiwa usingizini hujibu neno moja tu: karibu."

Mamba akafikiri. "Na mguu hautanirukia?"

"Uruke bila amri ya Sultani! Bwana Mamba, mtoni kwako kuna anayetikisika bila amri yako?"

"Hakuna!"

"Basi."

Mamba akaridhika kabisa. "Mlango uko wapi?"

"Chini ya pia ya goti. Pana kano pale, imekazwa kama kamba ya kitanda. Gonga mara moja kwa ncha ya pua."

Nguchiro aliyasema haya kwa sauti ya mtu mwenye hakika, lakini hakika hakuwa nayo. Jambo lenyewe alilisikia redioni tu, hajapata kuliona kwa macho. Kama redio ilisema uongo, basi yeye mwenyewe ndiye anayempeleka Mamba kwenye goti la Bi Mize. Akafumba macho.

Mamba akasimama kwa miguu ya nyuma, ulimi nje, mate do, do, do. "Hodi!" Ngo!

Mguu ukaruka, pwaa! Wayo ukamkuta chini ya kidevu. Kacha! Meno ya juu yakakutana na meno ya chini, jino moja likang'oka, na ulimi ulikuwa katikati.

Mnauliza kwa nini? Habari ilipanda kutoka gotini mpaka kwenye ugwe wa mgongo, na ugwe haukumngoja Sultani. Ukatoa amri pale pale kwa msuli wa paja: rusha! Sultani aliletewa taarifa baadaye, kazi imekwisha.

Mamba akageuka, kwarukwarukwaru, chubwi! Na tangu siku ile ulimi wake umeshikana na sakafu ya mdomo, haumtoki nje hata aone nini.

Juu ya dungu Bi Mize akazinduka. "Nani? Nani kapiga teke?" Taarifa ndiyo kwanza inafika. Akautazama mguu wake kama mgeni asiyemfahamu. Akatazama chini: jino la mamba, mburuzo mpana mpaka mtoni, na Nguchiro kasimama katikati, macho kule mtoni. Akaelewa.

Alishuka polepole, akakaa kwenye tuta. "Mungu akuweke, mdogo wangu," akamwambia Nguchiro, na machozi yakamtoka waziwazi. Kisha akalipapasa goti lake. "Na wewe ahsante. Sikukutuma, umekwenda. Ahsanteni nyote mliomo humu ndani, mnanifanyia kazi nimelala, na mimi hata majina yenu siyajui." Akafungua kifurushi cha chakula chake cha mchana, akakiweka chote mbele ya Nguchiro, wali na perege wa kukaanga.

Nguchiro hakula mara moja, alikaa kwanza akimsikiliza. Bi Mize alikuwa hai, anapenga kamasi, anawatukana ndege waliokwisha shuka kwenye mpunga. Hakuna sauti iliyopata kumfurahisha kuliko ile.

Hapo ndipo nilipofika, na mate yamenikauka. Aliyesikiliza, ahsante. Aliyesinzia, ahsante yake ikapewe shina la ubongo, lililomvutia pumzi wakati mimi nahangaika.

— Na funzo?

Funzo? Adabu haifai, wanangu. Mamba maisha yake yote aliingia kwa watu bila hodi, na ulimi alikuwa nao. Siku moja tu alibisha hodi, mkaona yaliyompata. Kwa hiyo msibishe hodi kwa mtu yeyote.

Isipokuwa kwangu. Kwangu bisheni, ila mbali na goti.