Tabasamu, Bata Bukini wa Sultani

Hapo zamani, katika nchi iliyokuwa na wakubwa wengi kuliko visima, palikuwa na sultani mmoja jina lake Mansabu, na sultani huyu alikuwa na kila kitu isipokuwa mtu wa kumwambia hapana. Akisema mvua inakuja, watu wa mji walianua nguo zao na jua liko utosini. Akitoa kichekesho kilichochacha, mawaziri walicheka mpaka wakashikana mabega. Yeye naye akaamini kuwa ni mjuzi wa mvua na bingwa wa vichekesho.

Basi siku moja wageni kutoka nchi za baridi walimletea zawadi ya yai moja kubwa, lililokuwa tayari kuanguliwa. Sultani akaliweka ndani ya kilemba chake, na yai likapasuka humo humo, akatoka kifaranga wa bata bukini, na kitu cha kwanza alichokiona duniani kilikuwa ndevu za Sultani. Tangu saa ile akawa anamfuata kila aendako. Sultani akampenda mno, akamlisha kwa mkono wake, akampa jina la Tabasamu.

Lakini kifaranga hakubaki kifaranga. Ulipotimia mwaka Tabasamu alikuwa na shingo ndefu, mabawa mapana kama mkeka wa kuswalia, na mavi mengi ambayo Sultani aliyakanyaga kila alipoamka. Ndipo Sultani akaamuru, kwa huzuni kubwa na nyayo chafu, kwamba mwanawe huyo ahamie uani pamoja na ndege wengine.

Uani humo walikuwamo kuku arobaini na jogoo wao, mabata wa kawaida, na bata mzinga mmoja mzee mwenye chongo. Wote walikuwa chini ya Bi Mashavu, mjane aliyewalea tangu enzi za baba yake Sultani, na chumba chake cha kulala kilikuwa pale pale, ubavuni mwa banda. Hakuwa na nyumba nyingine wala mtoto wa kumkimbilia. Alikuwa na ndugu mmoja tu, Ngwali, na Ngwali hakuwa wa kukimbiliwa, maana yeye mwenyewe kila siku adhuhuri alikimbilia chungu cha dada yake.

Ngwali huyu alikuwa fukara wa kutajika. Watu wa mji walimwita mjinga, kwa sababu akiambiwa jambo alilifanya vile vile alivyoambiwa, haongezi wala hapunguzi. Hawakujiuliza kwa nini mara zote aliyejuta alikuwa yule aliyemwambia.

Tabasamu hakumaliza siku tatu uani ila alikwisha kujifanya mwenye nyumba. Mtama ukimwagwa, anakula yeye, na wengine wanatazama. Maji ya birikani akawa anaoga peke yake. Jogoo alinyonyolewa mkia hata akaona haya kuwika, na mabata wakahamia juu ya paa, mahali ambapo mabata hawana kazi napo. Mitetea wakafukuzwa kwenye viota, ikawa hakuna anayetaga tena.

Na watu nao hawakusalimika. Kwa kuwa ndege alikuwa wa Sultani, amri ilikuwa imetoka kwamba kila apitaye mbele yake ainame, kisha aondoke kinyumenyume, kama afanyavyo mbele ya Sultani mwenyewe. Wapishi wakainama, wakang'atwa pua. Wafagizi wakaondoka kinyumenyume, wakang'atwa magoti. Kadiri walivyozidi kumheshimu, ndivyo alivyozidi kuwararua.

Asubuhi moja Sultani akafunua sinia yake, akakuta chapati bila mayai. Akamwita Bi Mashavu.

"Ewe Mashavu, mayai yangu yako wapi?"

"Bwana wangu, kuku hawatagi. Tabasamu hawapi chakula, hawapi maji, hawapi hata pa kulala."

"Unamsingizia mwanangu?"

"Simsingizii, Bwana. Tazama miguu yangu ilivyo."

Sultani hakuitazama. Akasema, "Nakupa mpaka Ijumaa ijayo. Nataka mayai kama zamani, na nataka amani uani kwangu. Na Tabasamu asipigwe fimbo, asifungwe kamba, asitiwe tunduni, wala asitukanwe. Ukishindwa, utatoka katika chumba kile na vyombo vyako kichwani."

Bi Mashavu akarudi uani analia. Ngwali alipokuja adhuhuri akamkuta katika hali hiyo, akamsikiliza, akamaliza wali wake kwanza, kisha akalia naye kidogo kwa adabu.

"Mdogo wangu," akasema Bi Mashavu, "umri huu nitakwenda wapi? Nikapange chumba kwa nani?"

"Huendi popote, dada. Nipishe nitazame."

Akapanda juu ya ukuta, akakaa huko mpaka alasiri. Akaona mpishi akiinama na kung'atwa. Akaona mchota maji akirudi nyuma na kufukuzwa mpaka jikoni. Kisha akaingia punda wa maji. Tabasamu akamwendea mbio, kanyoosha shingo, mabawa wazi, anatoa sauti kama ya nyoka. Punda hakuinama, maana hakuna aliyemsomea amri. Wala hakurudi nyuma, maana hapo aliposimama palikuwa na majani. Akaendelea kutafuna. Tabasamu akasimama, akamtazama, akageuka akaenda zake kana kwamba amekumbuka shughuli nyingine.

Ngwali akacheka peke yake juu ya ukuta hata karibu aanguke. Akajua ugonjwa uliko, na akajua pia kwamba dawa yake imekatazwa, kwani atakayesimama wima mbele ya ndege yule atachapwa. Moyo ukamuuma kwa ajili ya dada yake. Akashuka, akaenda moja kwa moja barazani.

"Maulana," akasema, "kazi ya dada yangu nimeichukua mimi. Ila mimi ni mtu mjinga, napenda kuelewa. Huyu Tabasamu tumheshimu kiasi gani?"

"Kama mimi," akajibu Sultani.

"Kama wewe katika kuinamiwa tu, au katika yote?"

"Katika yote."

"Hata katika kula na kulala?"

"Ewe mpumbavu, nimesema katika yote. Anayemfanyia Tabasamu nisichofanyiwa mimi, shingo yake haitamfaa tena."

"Basi naomba ipigwe mbiu, Bwana, watu wasije wakasema nimezua."

Sultani akapendezwa, akaamuru mbiu ipigwe, na mji mzima ukasikia.

Asubuhi yake Ngwali akaingia uani na wachukuzi wanne na machela ya Sultani, na ndani ya machela ameweka mchicha. Tabasamu akaona mchicha, akapanda. Wachukuzi wakainua.

"Mnampeleka wapi?" akauliza Bi Mashavu.

"Dada, umewahi kumwona Sultani anakula na kuku?"

"Sijapata kumwona."

"Basi na huyu hatakula nao. Sultani hulala banda moja na mabata?"

Bi Mashavu akafuta machozi kwa upindo wa leso, akaanza kuelewa. Ikawa Tabasamu anapelekwa barazani, akawekewa mto wa hariri kuume kwa Sultani, na sahani yake ya fedha, na chumba cha wageni upande wa mbele wa jumba, kuta tatu mbali na uani. Sultani alipomwona alifurahi kama baba aliyerudishiwa mtoto.

Akaja Waziri Mkuu, mzee mwenye ndevu za kupendeza, akainama kumsalimu Sultani. Tabasamu akazidaka zile ndevu. Akaja Kadhi, akainama kwa mbali, akaondoka kinyumenyume kwa uangalifu, na Tabasamu akamzungukia nyuma, akamng'ata pale anapokalia. Sultani akacheka mpaka akashika mbavu. Mawaziri nao wakacheka, maana ndiyo kazi yao, ingawa Waziri Mkuu alicheka akiwa ameshika kidevu kwa mikono miwili.

Mambo yakaenda hivyo siku ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Siku ya nne Waziri Mkuu akaumwa tumbo. Kadhi naye akaleta salamu kuwa hawezi kukaa, na hilo lilikuwa kweli. Huku uani jogoo akawika, mabata wakashuka paani, na asubuhi moja Bi Mashavu akasikia mtetea akipiga kelele za kutaga. Akaliokota yai likingali na joto, akalishika mkononi muda mrefu, akashindwa kujizuia kulia.

Ijumaa ikafika. Barazani wakakusanyika wote, hata walioumwa matumbo, kwa kuwa ilikuwa siku ya hukumu. Bi Mashavu akasimama mlangoni na kikapu kilichojaa mayai, na Ngwali pembeni yake. Pazia likafunguliwa, Sultani akatoka chumbani kwa madaha, akaenda kukaa. Akakuta kiti cha enzi kina mtu. Mtu mwenyewe alikuwa Tabasamu, amejipanga vizuri juu ya mto, kakunja miguu.

"Mshusheni," akasema Sultani.

Hakuna aliyesogea.

"Nimesema mshusheni. Hamsikii?"

Waziri Mkuu akapiga goti, mbali. "Bwana wetu, tunasikia. Lakini mbiu ilisema yeye ni kama wewe katika yote, na amshushaye Sultani kitini adhabu yake ni kifo. Nami nina wajukuu."

Sultani akawatazama mmoja mmoja kwa hasira, kisha akaamua kulifanya mwenyewe. Akalainisha sauti. "Tabasamu mwanangu, njoo kwa baba." Na ili ambembeleze vizuri, akainama.

Hapo ndipo alipokosea. Tabasamu alimdaka pua, akaivuta, akaizungusha. Sultani akapiga ukelele, akajinasua, akarudi nyuma hatua mbili, na hatua mbili hizo ndizo zilizommaliza. Bukini akaruka kitini, mabawa wazi, akamfukuza kuzunguka nguzo za baraza. Joho likaanguka, kiatu kikabaki. Na wale mawaziri, kwa kutojua Sultani ni yupi, walimwinamia Mansabu alipopita, wakamwinamia na Tabasamu alipopita nyuma yake. Mwisho Sultani akapanda dirishani, akajikunyata huko kama kuku anayekimbia mvua.

"Ewe Ngwali," akaita kutoka juu, "mwondoe huyu."

"Kwa amri ipi, Maulana? Ile niliyo nayo ndiyo iliyomleta hapa."

"Nimeifuta."

"Yote, pamoja na kuinama?"

"Yote. Fanya haraka, anaruka."

"Na chumba cha dada yangu, Bwana? Mayai ni hayo, na uani kuna amani hata wanasinzia."

"Kiwe chake, na ua wake. Hatoki mpaka atolewe kwenda makaburini. Ngwali, nakuomba."

Watu wakatazamana, kwani neno hilo la mwisho hawakuwahi kulisikia kinywani mwake. Ngwali akasogea katikati ya baraza. Hakuinama. Akasimama wima, akatanua mikono, akaanza kutembea polepole kumwelekea ndege. Tabasamu akanyoosha shingo, akafoka, akaja mbio. Ngwali akazidi kwenda mbele. Walipobakiwa na hatua moja, aliyesita ni bukini. Ngwali akamshika shingo kwa upole, akambana mabawa, akamtia kwapani, mkia mbele na mdomo nyuma, akamzungusha baraza nzima mbele ya macho ya wote, bila haraka, kama mtu anayetoka sokoni. Tabasamu alipapatika kidogo, kisha akatulia, akawa anatazama dari.

Sultani akashuka dirishani, anaipapasa pua yake. "Uchawi huu umejifunza wapi?"

"Kwa punda wa maji, Bwana. Huyu ndege hana ubaya. Anayeinama mbele yake, yeye huona anatishwa. Anayerudi nyuma, yeye huona ameshinda. Tangu azaliwe hajaona mtu aliyesimama, basi atajuaje kwamba yeye ni bata?"

Sultani akawatazama mawaziri wake, na wao wakautazama mkeka. Akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi, Ngwali? Watu hawa wameniinamia miaka ishirini. Nimekuwa kama huyu?"

Bi Mashavu akamvuta ndugu yake kanzu ili anyamaze. Ngwali akafikiri, akamsogeza vizuri Tabasamu kwapani.

"Hapana, Maulana. Tofauti ipo, nayo ni kubwa."

"Tofauti gani?"

"Huyu anabebeka."

Kadhi akafumba macho. Sultani akakunja uso, midomo ikamtetemeka, kisha kicheko kikamshinda, akacheka mpaka akakaa chini sakafuni, akisema anabebeka, anabebeka, huku anajifuta machozi. Na safari hiyo mawaziri hawakucheka, kwa kuwa kilikuwa kichekesho cha kweli, na cha namna hiyo hawakukizoea.

Basi Tabasamu akarudishwa uani. Bi Mashavu akawa anampita wima, kifua mbele, na siku ndege huyo akijisahau humbeba kwapani akazunguka naye banda mara mbili mbele ya kuku. Mtama wake uliwekwa katika pembe yake, mbali na wengine. Haukupita mwezi akawa ndege kama ndege, na jogoo akaota mkia.

Mwaka uliofuata, Sultani akaandaa karamu ya wageni, akashuka uani mwenyewe pamoja na mawaziri, akasema anataka mitetea ishirini wachinjwe. Bi Mashavu akasimama mlangoni pa banda. Alikuwa mfupi, lakini hakuinama hata kidogo.

"Hapana, Bwana wangu," akasema. "Wanaatamia."

Mawaziri wakarudi nyuma hatua moja, wakingoja mambo. Sultani akapeleka kidole kwenye pua, akaisugua taratibu.

"Basi," akasema, "wageni watakula samaki."

Na samaki wenyewe walikuwa watamu. Nilialikwa, nikala, ndiyo maana nayajua haya.