Jogoo Aliyetaka Kupigwa Picha

Jamani mlioketi!
— Tumeketi!
Masikio mmeyaleta?
— Tumeyaleta, yako wazi!
Basi yategeni.

Palikuwa na mwanamke, jina lake Bi Raya, na bustani yake ya mchicha na mawaridi. Bi Raya alikuwa na kamera, na alichopenda ni kuwapiga picha wadudu. Alilala kifudifudi kwenye udongo, kamera kaikaribisha kwenye jani, pumzi kaibana. Akangoja. Akangoja. Kiwavi akatulia, kamera ikalia: kacha!

Humo bustanini aliishi Jogoo. Jogoo mwenye kifua, Jogoo mwenye mkia unaometa, na hakuna siku aliyopigwa picha. Kila alipoiona kamera alikuja mbio, chapa chapa chapa, vumbi likatimka, mdudu akaruka, na Bi Raya akapiga kelele: "Shiii! Toka, umeniharibia!"

Jogoo akaona wivu. "Kiwavi! Asiye hata na unyoya! Yeye analaliwa kifudifudi, mimi nafukuzwa kwa kandambili!"

Akamwendea kiwavi: do! Akammeza. Bi Raya akampiga picha panzi. Jogoo akamwendea panzi: do! Akammeza. Bi Raya akampiga picha nondo. Do! Akammeza.

"Wakiisha wote," akasema Jogoo, "atampiga nani kama si mimi?"

Akabaki Vunjajungu, mwembamba kama kijiti, mikono kaikunja kifuani kama anayeswali. Alikuwa juu ya tawi la mwaridi, kando ya kifuko cha mayai yake, na mayai yalikuwa karibu kuanguliwa. Akamwona Jogoo anakuja. Kuruka angeweza, lakini watoto je? Sauti akailainisha.

"Karibu, bwana mkubwa. Hivi kweli hujapigwa picha bado? Na uzuri wote huo?"

Jogoo akasimama. "Kumbe hata wewe umeliona hilo?"

"Nani asiyeona? Tatizo lako hutulii. Mimi napigwa kwa sababu sitikisiki. Simama hapo chini ya tawi. Fumba mdomo. Usidonoe kitu. Picha inakuja."

"Nikishapigwa, nakumeza."

"Utanimeza, bwana mkubwa."

Jogoo akasimama. Jua likapanda. Kifuko kikapasuka, watoto wa Vunjajungu wakaanza kushuka kwa nyuzi, laini kama nini, wakipita mbele ya macho yake kabisa. Tumbo likamnguruma: guruu!

"Mmh?" akaguna, mdomo kaufumba.

"Tulia, bwana mkubwa. Picha inakuja."

Wengine wakapita katikati ya miguu yake, wakakimbilia kwenye ua wa michongoma.

"Mmmh?"

"Tulia, bwana mkubwa. Picha inakuja."

Upepo ukavuma, mtoto wa mwisho akapeperuka, akatua juu ya kilemba chekundu cha Jogoo. Akajinyoosha. Akakunja mikono kama mama yake.

Hapo Bi Raya akatokea. Akaona. Akapiga magoti, akatambaa polepole, kamera ikamjia Jogoo usoni, karibu, karibu zaidi. Machozi yakamlengalenga Jogoo. Ameniona! Leo ameniona! Akakaza shingo. Bi Raya akangoja, Jogoo naye akangoja.

Kacha!

Jogoo akawika kwa furaha: kokoikoo! Kile kichwa kilipotikisika, mtoto akarukia tawini, mama akamdaka, wakatokomea wote ndani ya michongoma. Na kwenye miiba ile jogoo haingii.

Wala hakuwajali. Alikimbilia barazani, akajibanza chini ya kiti. Bi Raya alikuwa anamwonyesha picha jirani yake, Mize.

"Mashallah! Kadogo haka, na mikono kamekunja!" akasema Mize. "Na hili jekundu huku nyuma ni nini? Nyanya iliyopasuka?"

"Sijui, shoga yangu. Wala sikuliangalia."

Chini ya kiti, Jogoo akafungua mdomo awike. Akaufumba tena.

Sasa wenzangu, mafunzo ni haya: subira haifai kitu. Jogoo alisubiri asubuhi nzima, akashinda na njaa, akaishia kuitwa nyanya. Ukiona chakula, kula. Picha achana nazo.

Kisa nimekitua hapo.
— Tumekipokea!
Aliyesinzia amwulize jirani yake.