Muadhini Aliyefumbua Jicho

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa yote, kwamba palikuwa na mji kando ya mto, katika nchi za Shamu, ambao msikiti wake ulikuwa na mnara mrefu kupita kiasi. Aliyeujenga alitaka adhana ifike hadi mashamba ya ng'ambo. Hakuwaza kwamba atakayesimama juu yake angeziona nyua zote za mji, mahali ambapo wanawake wa watu hufua, hukosha watoto na kuchana nywele zao wakiwa vichwa wazi. Wazee wakakaa, wakashauriana, wakatoka na kauli moja: hapandi mnara huu ila kipofu. Ikawa ndiyo ada, na wanawake wa mji ule wakaishi kwa raha katika nyua zao.

Katika zama za kisa hiki muadhini alikuwa Dhakwani, mtu mpole, zamani fundi viatu, ambaye mtoto wa jicho alimfunga macho yote mawili angali kijana. Ushonaji ulimshinda, marafiki wakapungua mmoja mmoja, akawa mtu wa kukaa pembeni mpaka Imamu Shuraihi alipomsikia akisoma Qur'ani, akamkabidhi ufunguo wa mnara. Miaka kumi na miwili alizipanda ngazi zile sabini na tatu, mara tano kwa siku, na kule juu alijiona mtu miongoni mwa watu. Aliipenda adhana kama mfungaji anavyoipenda futari.

Pamoja na hayo alikuwa na kiu isiyokatika, kiu ya mwanga. Alimwoa Lubaba binti Mundhiri akiwa tayari haoni, na uso wa mkewe aliujua kwa ncha za vidole tu. Alikuwa akikaa chini ya mkomamanga wa nyumbani kwao na kumuuliza, "Maua haya leo yana rangi gani?" Lubaba humjibu, "Mekundu, bwana wangu, kama ya jana." Naye husema kwa unyonge, "Nyekundu nimeisahau, Lubaba. Nimebaki na jina lake tu." Kisha huinua mikono na kumwomba Mola wake ampe mwanga, japo wa siku moja.

Mola akamjibu. Ulikuja msafara, na ndani yake tabibu wa macho aliyetumia sindano nyembamba kuusukuma ule utando mweupe kando ya mboni. Aliwatibu wengi mjini. Wengine walipona, wengine hawakupona. Kwa Dhakwani jicho la kushoto lilikataa kabisa. La kulia akalifunga kitambaa, akaagiza lisifunguliwe kwa siku saba, kisha akaondoka na msafara wake. Siku ya nane Lubaba alikifungua kitambaa. Dhakwani akaiona dari nyeusi kwa moshi, akaiona mikono, akauona uso. Akalia, na mkewe akalia, wakakaa hivyo mpaka uji ukaungua jikoni.

Lubaba ndiye aliyekumbuka kwanza. "Bwana wangu," akasema, "na mnara je?"

Dhakwani hakuwa amelifikiria hilo hata kidogo. "Nitafumba," akasema. "Nikifika mlangoni nitafumba, na sitafumbua mpaka niteremke. Mungu ni shahidi wangu." Lubaba akatazama chini.

Dhakwani akaenda msikitini na fimbo yake kama kawaida. Watu walijua kwamba tabibu alimtibu, na walipomwona na fimbo wakadhani sindano haikufaa kitu. Wakawa wanamwambia msikitini, "Mwenyezi Mungu akupe subira, Dhakwani," naye anaitikia, "Amin." Hakusema uongo kwa ulimi wake, lakini kila amin ile iliuficha ukweli. Tusimcheke haraka, ndugu zangu. Mtu aliyekwisha kukaa pembeni miaka na miaka harudi pembeni kwa furaha.

Zikapita siku ishirini, na ahadi yake akaitimiza. Siku ya ishirini na moja, kwenye adhana ya alasiri, shauku ikamzidi nguvu: alitaka kuiona nyumba yake kutoka kule juu. Akajiambia, nyumba ni yangu na mke ni wangu, hakuna haramu katika kutazama kilicho changu. Alipomaliza Hayya alas-Swalah, akafumbua jicho.

Hapo ndipo alipotambua kosa lake. Nyumba yake aliijua kwa hatua zake kutoka msikitini, na kwa ukuta wenye ufa pale mkono unapofikia. Kutoka juu hakuwa amepata kuiona hata siku moja. Mapaa yote yalifanana, na mikomamanga ilikuwa katika kila ua. Jicho likaanza kutafuta, ua baada ya ua, na kila ua ulikuwa wa mtu mwingine.

Katika ua wa nne alikuwamo bibi mmoja, amekaa kichwa wazi, akichana nywele chache alizoachiwa na maradhi. Dhakwani alikuwa amekwisha kuisahau adhana kwa kutafuta, na kimya kikarefuka. Yule bibi akashangaa, akainua uso kuelekea mnarani, akamtazama sawasawa machoni. Wala hakunyanyua mkono kujifunika. Aliona kipofu wao amekatikiwa na sauti, akamhurumia, na midomo yake ikacheza kwa kumwombea dua. Dhakwani akalifumba jicho kwa nguvu na kuimaliza adhana kwa sauti iliyopasuka.

Baada ya sala, kabla safu hazijavunjika, akasimama mbele ya watu. "Enyi ndugu zangu," akasema, "mimi naona. Jicho langu moja limefunguka tangu siku ishirini na moja, nami nimewaficha. Na leo nimelifumbua kule juu."

Msikiti ukavuma. Wengine walimhimidi Mungu, wengine wakasimama kwa hasira. Mtu mmoja akauliza kwa ukali, "Umeona nyumba ya nani?"

"Hilo nitakwenda nalo kaburini," akajibu Dhakwani. "Nanyi msiniulize, maana mtanifanya nimfunue mtu mara ya pili."

Aliyeuliza akakaa. Imamu Shuraihi akamwambia kwa upole, "Ewe Dhakwani, ungenyamaza, hakuna ambaye angejua."

"Ndilo lililonitisha, ewe Imamu wetu. Nimetazamwa na mtu asiyejificha kwa kuwa ananiamini, na huyo anayemwamini siye mimi tena."

Baadhi yao wakaingiwa na huruma. Wakashauri afungwe kitambaa machoni aendelee, kwani sauti yake walikuwa wameizoea. Dhakwani akatikisa kichwa. "Kitambaa hufunguliwa na mkono," akasema, "na mkono huo utakuwa wangu." Akauweka ufunguo juu ya mkeka mbele ya Imamu, na watu wakamwona akiutazama kama mtu anayeaga.

Ufunguo akapewa Simaki, msokota kamba, kipofu wa kuzaliwa. Dhakwani mwenyewe ndiye aliyemfundisha ngazi na kumwonya juu ya ile ya kumi na sita, iliyomeguka, akiishia ngazi ya mwisho bila kutoka nje. Kisha akavirudia viatu vyake. Lakini kila adhana ilipoanza, sindano ilisimama mkononi, midomo yake ikafuatana na maneno, na kifua kikamuuma kwa hamu. Mwanga aliuomba miaka mingi akapewa, na sasa alikuwa na kiu nyingine ambayo hakuthubutu hata kuiombea dua.

Alasiri moja Lubaba akamuuliza jambo alilokaa nalo muda mrefu. "Siku ile, bwana wangu, nyumba yetu uliiona?"

"Sikuiona. Niliitafuta nikaikosa."

"Nilikuwa hapa, chini ya mkomamanga," akasema Lubaba. "Kila alasiri, kwa miaka yote kumi na miwili, nilisimama hapa nikakutazama mpaka umalize. Sikukwambia, kwa kuwa hukuweza kunitazama nawe, nikachelea kukuongezea majonzi."

Dhakwani akakiweka kiatu chini. Adhana ya Simaki ikaanza. Lubaba, kwa mazoea, akainua uso kuelekea mnarani, na Dhakwani akasimama kando yake, akamtazama yeye mpaka adhana ikaisha. Wanasema hivyo ndivyo alivyofanya kila alasiri, hadi Mola wake alipomchukua.

Wako wasemao kwamba mtu huyu aliupoteza mnara kwa mtazamo mmoja. Mimi naona aliupoteza kwa ile amin ya kwanza, na mtazamo ulimwonyesha tu kwamba hanao tena. Mwenyezi Mungu atusitiri, na atujaalie tuwe kweli wale ambao watu wanatudhania.