Aliyemwaga Maji Mchangani

Hapo zamani, kijiji cha Igwata kilikuwa na jua kali. Nyanya iliyochumwa asubuhi haikuona jioni bila kusinyaa. Huko aliishi Kabula, mfinyanzi, mke mkubwa wa Masanja, pamoja na wake wenziwe, Nyanzala na Mindi.

Siku moja wakwe walitarajiwa kuja kumposa binti wa Masanja. Mboga zikachumwa zote, bustani ikabaki tupu. Wageni hawakutokea, kwa kuwa mto ulifurika njiani.

Nyanzala akachukua mitungi miwili ya Kabula. Akatia mdogo ndani ya mkubwa, akajaza mchanga kati ya mitungi hiyo, akapanga nyanya na mchicha ndani ya mdogo, akafunika.

"Joto litatafuta mlango likose," akasema.

"Mke wangu huyu ana akili!" Masanja akasema mbele ya wote.

Neno hilo likamchoma Kabula. Udongo ameukanda yeye, mitungi ameichoma yeye, sifa kapewa mwingine! Alipobaki peke yake uani, akanyanyua ndoo ya maji, akayamimina yote kwenye mchanga wa mitungi ile.

"Na vioze, tuione hiyo akili!"

Kulipokucha, Mindi, mke mdogo, akaugusa mtungi, akashtuka. Ulikuwa baridi, na mchanga wake umelowa! Akatambua ni maji yaliyoupoza. Hakuuliza nani kamwaga. Akajitwika ndoo, akaenda kisima cha mbali, akaulowesha mchanga tena. Asubuhi maji, jioni maji, mpaka utosi ukamuuma.

Wakwe wakafika hatimaye. Nyanya ngumu, mchicha mbichi. Wakala, wakasifu, posa ikapita.

Mama yake Masanja akasema, "Shamba langu la bondeni nampa aliyetuondolea aibu. Ni nani?"

"Mimi, Mama," akasema Nyanzala. "Wazo ni langu."

"Mimi, Mama," akasema Mindi. "Nisingechota, mchanga ungekauka."

Kabula akaliona shamba likimponyoka. Wivu ukaishinda aibu.

"Mitungi ni yangu! Na maji ya kwanza niliyamwaga mimi!"

"Kwa nia gani, mwanangu?"

Kabula akainama. "Ili vioze, Mama."

"Mnamsikia hasidi!" Nyanzala akafoka.

"Lakini dada asingemwaga," Mindi akasema taratibu, "mimi ningejuaje?"

Mama mkwe akawatazama mmoja mmoja, akashindwa kuchagua. Basi mwamulieni ninyi mliosikia: aliyewaza, aliyechota, au aliyefinyanga kisha akamwaga kwa husuda? Je, nani alistahili shamba?