Digidigi na Ukuta wa Miguu

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kualikana uji, kila kiangazi walishindana mbio kulizunguka bwawa, mizunguko miwili. Aliyeshinda, ukoo wake ndio uliokunywa kwanza. Si jambo dogo hilo! Wakubwa wakitangulia kuingia majini, wadogo huachiwa tope.

Na bingwa alikuwa nani? Digidigi! Huyo huyo mwenye miguu kama vijiti. Tangu usichana wake, kiangazi baada ya kiangazi, alichomoka mbele chapu! na wenzake wakabaki kumtazama kisogo. Mimi huyo mama nampenda, siwafichi.

Kiangazi kimoja mumewe alimwambia, "Mama watoto, umejifungua juzi tu. Mwaka huu waachie."

"Niwaachie? Halafu mimi ninywe tope, mtoto anyonye nini?"

Akaenda zake uwanjani. Kumbe Nyati, Pofu na Mbuni walikuwa wamekwisha kula njama!

Kobe, mwamuzi, akapaza sauti, "Haya, nendeni!"

Miguu ikatimka, gubi! gubi! gubi! Hata kabla Digidigi hajachomoka, Mbuni alikuwa mbele yake, Nyati kulia, Pofu kushoto. Akisogea huku, ukuta. Akisogea kule, ukuta. Vumbi likamjaa puani.

"Wakubwa, nipisheni!"

"Pita juu, bibie!" akacheka Nyati. Kwa! kwa! kwa!

Digidigi aliingiwa na hofu. Alimwona mwanawe akilini, midomo imemkauka mtoto kwa kiu. Nguvu za kuwasukuma hakuwa nazo, hata wa kumsaidia hakuwapo. Lakini akili ni mali. Akawaza, "Hawa ni watatu, na mshindi ni mmoja. Je, wamekubaliana ni nani?"

Mara akaanza kuhema kwa kelele. "Hoo! Hee! Nakufa mie! Jamani, nimekoma. Atakayetangulia kati yenu, nampa hongera zake kabisa!"

Ngwaa! Kobe akagonga upatu: mzunguko wa mwisho.

"Amekwisha huyo," akasema Nyati. "Haya, Mbuni, nipishe. Mkubwa ni mimi."

"Mkubwa wa nini? Njama hii aliibuni nani kama si mimi?"

"Nyamazeni nyote wawili!" akafoka Pofu. "Ukoo wangu una kiu kuliko koo zenu."

"Kiu yako inanihusu nini?" akauliza Mbuni.

Kikumbo, pu! Nyati akamsukuma Mbuni. Mbuni akamrushia Pofu teke. Pofu akayumba, na mwanya ukafunguka, mwembamba, wa kumtosha digidigi tu.

Chapu-chapu-chapu! Alipita hapo hapo, masikio yamelala, miguu haionekani. Waliposhtuka walimfukuza kwa ghadhabu, lakini pumzi walikuwa wameimaliza kwa kugombana. Loo, mbio zile! Hata Kobe alisahau umri wake akashangilia.

Digidigi akashinda, na Nyati akafika nyuma yake akitokwa na povu. "We Digidigi! Si ulisema unakufa?"

"Nilikuwa nakufa kweli, Mzee Nyati," akajibu kwa adabu. "Nimepona mlipoanza kugombana."

Kisha akawaita wadogo wote wa ukoo wake, wakanywa maji yangali meupe.

Ndiyo hivyo, wanangu: waliounganishwa na tamaa, tamaa hiyo hiyo itawatenganisha.