Zimwi na Mawe Yanayotunza Moto

Sogeeni karibu, na anayesinzia aguswe. Zimwi lilimbembeleza Nyanzala, mrina asali: "Shangazi, nionyeshe mawe yanayotunza moto mlimani kwenu. Tutagawana." Akalionyesha.

Zimwi likachimba. Nyanzala akauliza: "Fungu letu?" "Kesho." Mlima ukanywea, chemchemi ikakauka, Nyanzala hakai wala halali. "Fungu letu?" "Kesho." Mlima ukageuka shimo. "Fungu letu?" "Nionyeshe mlima mwingine kwanza!"

Nyanzala akamkumbuka ndege anayewaongoza warina kwenye nyuki. Asipoachiwa sega, siku nyingine huwapeleka kwa simba.

"Haya, twende," akasema, akipiga mbinja kama ndege yule. Zimwi likamfuata mbio hadi kwenye pango; Nyanzala akajitenga kando, nalo likajitoma ndani. Pango likajifumba. Kumbe kilikuwa kinywa cha joka!

Tangu hapo, mgeni akiuliza njia ya mlimani, wenyeji humnyooshea kiganja: "Fungu kwanza, njia baadaye."