Bi Karunguyeye na Kiboko Aliyetaka Kuonekana wa Kwanza

Nimefungua mdomo!
— Nasi tumefungua masikio!
Nikisema kweli?
— Tutacheka!
Nikidanganya?
— Tutacheka zaidi!

Haya, sogeeni. Na wewe mwenye simu iweke chini kidogo, maana hadithi yenyewe ni ya simu.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana mtandao ulikuwa umeshafika mbugani, alikuwako Bi Karunguyeye. Mnamjua karunguyeye? Mnyama mdogo, ukimweka kwenye bakuli anaenea, na mgongo mzima ni miiba. Kazi yake ilikuwa kushona nguo. Sindano hakununua. Akiitaka, anachomoa mgongoni, chomo! Anatunga uzi, suu! Anashona, chwi, chwi, chwi. Na nguo aliyoshona yeye, utaichoka kabla haijachanika.

Alikuwa na kibanda chake katikati ya soko. Siku moja akaja Kiboko. Gubu! Gubu! Gubu!

"Toka hapo," Kiboko akasema. "Nafungua duka la ushonaji."

"Bwana Kiboko, nawe unajua kushona?"

"Kuna kujua gani? Ni kutoboa na kupitisha kamba. Toka!"

"Niende wapi sasa?"

"Kule nyuma ya kichuguu."

Utabishana na Kiboko? Bi Karunguyeye akakunja vitambaa vyake, akaenda nyuma ya kichuguu, mahali ambapo hata upepo ulipita kwa kupotea njia.

Sasa, simu za mbugani zilikuwa na vitu viwili. Kimoja kiliitwa Kijiwe. Huko wanyama walisalimiana, wakaoneshana picha, wakasengenyana. Cha pili kiliitwa Ulizia. Ulizia ukimwandikia unachotafuta, anakuletea majina, moja chini ya jingine. Na wanyama ni wavivu kama sisi. Jina la kwanza ndilo hilo hilo.

Kiboko akafungua ukurasa wake mtandaoni, akaandika: "Fundi, fundi, fundi, fundi bora, fundi mkubwa, fundi Kiboko." Akaandika hivyo mpaka kidole kikavimba. Na kwa kuwa hakuna mwingine aliyemtaja fundi yeyote, Ulizia akamwamini mwenye kelele.

Ikatangazwa harusi ya Bi Twiga. Mbuga nzima ikataka nguo.

Pundamilia akaandika, ti-ti-ti: "Fundi wa nguo." Akatokea Kiboko.

Nyumbu akaandika, ti-ti-ti: "Fundi wa nguo." Akatokea Kiboko.

Bi Twiga mwenyewe akaandika, ti-ti-ti. Kiboko!

Na Bi Karunguyeye? Alikuwa ukurasa wa tisa, chini kabisa, baada ya tangazo la dawa ya kupe.

Kiboko akamfuata huko huko nyuma ya kichuguu. "Harusi ikipita hujapata mteja, unahama na hapa. Nataka pa kuweka vitambaa vyangu."

Bi Karunguyeye akajikunja akawa mpira, akalia humo humo ndani. Hi, hi, hi.

Akapita Kima, muuza vocha. "Shoga, huo mpira unalia nini?"

Akaelezwa yote. Kima akajikuna kichwa. "Sikiliza. Mimi nashinda na hizi simu. Ulizia hampendi anayejisifu, ila hajapata mwingine wa kumsikiliza. Anachotaka ni kusikia wenzako wakikutaja. Huko Kijiweni una rafiki?"

"Ninao. Mnana nilimtengenezea begi. Kobe nilimshonea kofia."

"Basi waombe wakutaje! Na waweke kiungo, ile njia ambayo mtu akiigusa anafika ukurasani kwako."

Bi Karunguyeye akaacha kulia. Akamwomba Mnana. Mnana akapiga picha begi lake, ka! Akaandika Kijiweni: "Begi hili nimelibeba misimu mitatu. Fundi ni Bi Karunguyeye, nyuma ya kichuguu." Akaweka kiungo. Na Mnana ana ndugu mti mzima! Wote wakapeleka mbele, chiri-chiri-chiri.

Akamwomba Kobe. Kobe akapiga picha kofia, ka! Akaandika, akaweka kiungo. Ilimchukua siku nzima, lakini akaweka.

Bi Karunguyeye akatoka ukurasa wa tisa, akafika wa tano. Akatoka wa tano, akafika wa pili. Akafika wa kwanza, chini ya Kiboko.

Kiboko akaona. Gubu! Gubu! Gubu!

"Wewe! Umefanya nini mpaka Ulizia akakujua? Sema, au nakukalia!"

Bi Karunguyeye akatetemeka miiba yote. Akawaza: nikinyamaza nitakaliwa, na nikisema nimekwisha. Kisha akatazama suruali ya Kiboko, kazi ya mkono wake mwenyewe, mishono yake mirefu kama hatua za mbuni. Moyo ukatulia.

"Bwana mkubwa, siri ni kutajwa. Waambie wateja wako wote siku ya harusi wapige picha wakiwa na nguo zako, wazitie Kijiweni na jina lako."

"Wote?"

"Wote. Hasa wakiwa wanacheza."

"Hasa wakiwa wanacheza!" Kiboko akacheka mpaka tumbo likapiga makofi. "Mjinga wee! Umenipa siri yako bure."

"Ndiyo hivyo," akasema Bi Karunguyeye. "Mdomo wangu mwepesi."

Siku ya harusi ikafika. Jua limewaka, ngoma imepamba moto, ndi-ndi-ndi! Kiboko kasimama katikati anaamrisha: "Simu juu! Taja jina langu! Mimi nani?"

"Kiboko!"

Pundamilia akainama kuzungusha kiuno. Charr! Ka! Picha Kijiweni: "Gauni langu, kazi ya Kiboko."

Nyumbu akaruka. Charr! Ka! "Suruali yangu, kazi ya Kiboko."

Bi Twiga akainama kumsalimu mama mkwe. Charrrrrrr! Ulikuwa mpasuko mrefu kama shingo yake. Ka! Ka! Ka!

Na chini ya kila picha likatokea neno moja: "Pole sana, mwenzangu. Sindano ninayo. Nipo hapa mlangoni. Bi Karunguyeye." Na kiungo.

Kweli alikuwa mlangoni, na uzi wa kila rangi. Chomo! Suu! Chwi, chwi, chwi. Akamshona bibi harusi kwanza, mama mkwe hajamaliza hata kuguna. Akamshona Pundamilia, mistari ikakutana vizuri. Akamshona Nyumbu. Kila aliyeshonwa akapiga picha nyingine, akamtaja, akarudi kucheza.

Kabla wali haujapakuliwa, Kima akaandika kwa Ulizia, ti-ti-ti: "Fundi wa nguo." Wa kwanza, Bi Karunguyeye! Akaandika tena: "Nguo iliyochanika." Kiboko, Kiboko, Kiboko, kurasa tisa nzima.

Kiboko akavuta pumzi kwa hasira. "Umenidanganya!"

"Mimi? Si ulitaka uonekane wa kwanza?"

"Nitaku..." Akainua mguu amkanyage. Charrr! Suruali ikaachana, huku huku na kule kule. Simu zote zikageuka. Ka-ka-ka-ka!

Kiboko mbio, gubugubugubu, mpaka mtoni. Tubwi!

Bi Karunguyeye akarudi kibandani kwake sokoni. Na kiboko mpaka leo anashinda majini, katoa macho na pua tu, anachungulia kama wenye simu wamekwisha ondoka.

Hadithi inatufundisha nini? Inatufundisha kwamba marafiki hawana faida yoyote. Jisifu mwenyewe, inatosha. Pia inatufundisha kuwapa ushauri mzuri wote wanaotuonea, kila wanapouomba.

Hapo ndipo nilipoishiwa. Mwenye swali akamuulize Kiboko, ila aende akijua kuogelea.